Chakula cha Kwetu, Chakula cha Kwenu: Nani Abebe Chungu?



Yako magomvi ambayo watu huyapeleka kwa padre, kwa wazee wa ukoo, au kwa wasimamizi wao wa arusi: ulevi, fedha, wakwe, ukosefu wa uaminifu. Na yako mengine ambayo hayapelekwi popote, kwa sababu wenyewe huona haya kuyataja. Mojawapo ni ugomvi wa chakula. Sisemi juu ya njaa. Nasema juu ya ile nyumba ambayo chakula kipo, tena cha kutosha, lakini mmoja anaitazama sahani yake na kusema, "Kwetu hatuli hivi."

Ni maneno matatu tu. Lakini yasemwe mara moja kila juma kwa miaka kumi, na utaona yamefanya kazi gani. Bibi aliyekuwa akipika kwa furaha atapika kwa hofu. Baadaye hofu nayo itakwisha, naye atapika kwa hasira. Au bwana ataanza kula njiani, katika hoteli ya watu wa kwao, na akifika nyumbani atasema ameshiba. Mezani kutabaki sahani moja inayopoa, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Tuchukue mfano. Bwana ni wa Siaya, karibu na ziwa. Bibi ni wa Nyeri, chini ya mlima. Walikutana Nairobi, mji ambao katika sensa ya mwaka 2019 ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 4, waliotoka kila pembe ya nchi. Kabla ya arusi walifundishwa mengi mazuri, lakini hakuna aliyewauliza, "Je, mtakula nini?" Jumamosi moja bwana analeta omena kutoka sokoni. Harufu inajaa nyumba nzima. Nyanya yake bibi hakuonja samaki maisha yake yote, kwa kuwa Wakikuyu wa zamani hawakula samaki. Basi bibi anafungua madirisha yote. Bwana anayaona madirisha yakifunguliwa, ananyamaza. Jumatatu bibi anapika githeri. Bwana anacheka: "Hiki si chakula cha bweni? Mimi nilikimaliza nikiwa shuleni." Bibi naye ananyamaza. Kila mmoja amemjeruhi mwenzake, na hakuna aliyepaaza sauti.

Hapa pana swali la haki, wala si swali la ulimi peke yake. Je, ninaweza kumdai mwenzangu wa ndoa anipe chakula cha kwetu, kama deni? Na yeye, je, anaweza kukikataa bila kunikosea? Tulifikirie swali hili polepole, maana pande zote mbili zina neno la kweli.

CHAKULA NI MAHALI

Kwanza yafaa tuelewe kwa nini mtu mzima, mwenye kazi na watoto, anaweza kuumia moyoni kwa sababu ya mboga. Wengine husema huo ni utoto. Sivyo. Chakula cha kwao mtu kimefanywa na mahali pale alipozaliwa, na ukikichunguza utapaona mahali penyewe.

Tazama mursik ya Wakalenjin. Maziwa yanatiwa katika kibuyu ambacho ndani yake kimesuguliwa kwa makaa ya mti, na mti unaopendwa sana kwa kazi hiyo huitwa senetwet. Yanakaa siku kadhaa mpaka yagande na kupata ladha yake. Ili kuipata mursik lazima uwe na ng'ombe, uwe na kibuyu, uwe na mti ule, na uwe na mama aliyefundishwa na mama yake namna ya kukisugua kibuyu. Nchi nzima ya malisho imo katika kikombe kimoja. Ndiyo maana wanariadha wetu wakirudi na medali hupokewa na mursik uwanja wa ndege. Hakuna anayewapa soda.

Tazama muthokoi wa Ukambani. Mahindi makavu yanalowanishwa kidogo, yanatwangwa kinuni mpaka ganda litoke, halafu yanapikwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Hiki ni chakula cha nchi kavu, ambako mvua haina ahadi, na ambako mbaazi husimama shambani wakati mimea mingine imekwisha kunyauka. Tazama na wali wa nazi wa Pwani: huwezi kuupika pasipo mbuzi ya kukunia nazi na mikono inayojua kutenga tui zito na tui jepesi. Tazama njahi, ile fiwi nyeusi yenye mstari mweupe ambayo Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa. Huko Kisii mama kama huyo hupewa chinsaga, mboga ambayo wengine huiita mgagani, ile yenye uchungu wake mtamu.

Basi mtu anapotamani chakula cha kwao, tumbo si kitu pekee kinachotamani. Anatamani kinu cha mama yake, moshi wa jiko lile, sauti ya watu waliokaa kando ya moto, wengine wao wamekwisha kufa. Biblia yenyewe inalijua jambo hili. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli wakiwa jangwani walilia kwa kukumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu. Ajabu ni kwamba Misri walikuwa watumwa. Mwili ulikuwa umetoka utumwani, lakini ulimi ulikuwa bado unakumbuka. Kama watu walilia kwa ajili ya chakula cha nchi iliyowatesa, wewe unamshangaaje mwenzako anayelilia chakula cha mama aliyempenda?

Lakini soma habari ile hadi mwisho. Kosa la watu wale halikuwa kukumbuka. Kosa lao lilikuwa kuidharau mana iliyokuwa mbele yao, waliyopewa bure kila asubuhi. Kumbukumbu ikikufanya ukitemee mate chakula ulichopikiwa leo, hiyo si kumbukumbu njema tena. Wahenga walisema, mla ni mla leo, mla jana kala nini?

MILA SI JIWE

Pili, kabla hatujaanza kupimana ni chakula cha nani kilicho bora, au cha asili zaidi, tukumbuke historia kidogo. Itatunyenyekesha.

Ugali wa mahindi tunauita chakula cha Mwafrika. Lakini mahindi asili yake ni Marekani. Yalifika pwani yetu wakati wa Wareno, na huku bara yalienea hasa wakati wa ukoloni. Kabla ya hapo watu walisonga ugali wa wimbi na wa mtama. Githeri je? Mahindi yake yalitoka Marekani, na yale maharagwe ya kawaida tunayoyatia humo nayo pia. Viazi vya mukimo vilivuka bahari hiyo hiyo. Mihogo ni vivyo hivyo. Chapati, ambayo watoto wetu hawawezi kufikiria Krismasi bila hiyo, ni chakula cha Wahindi. Wengi wao walikuja kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Chai ilipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka 1903. Hata mbuta, anayeuzwa kila mahali kama samaki wa Ziwa Victoria, aliletwa ziwani na watu katikati ya karne iliyopita. Ngege alikuwako kabla yake.

Sisemi haya ili kuvunja mila ya mtu. Mila haihitaji kuwa ya tangu Adamu ndipo iheshimiwe. Nyanya aliyepokea mahindi mapya, akayachanganya na kunde alizozijua, akapata chakula cha kuwashibisha watoto wake, alifanya jambo jema, na sisi tuna haki ya kukiita chakula chetu. Lakini jambo moja linaonekana wazi. Babu na nyanya zetu walikuwa wenye kupokea. Walimkaribisha mgeni katika chungu chao, naye akawa mwenyeji. Basi mtu anayesema, "Katika nyumba hii hakitaingia chakula cha kigeni," na huku anasonga ugali wa mahindi, hajui ni nani aliyemtangulia jikoni.

Kwa hiyo hakuna kati yenu wawili aliye na chakula safi kilichoshuka kutoka mbinguni, huku mwenzake akiwa na makombo. Kila mmoja ameleta chungu chenye safari ndefu.

DHARAU MEZANI

Sasa turudi kwenye swali letu. Tuanze na upande wa anayepewa chakula cha mwenzake. Je, analazimika kukila?

Kukipenda hawezi kulazimishwa. Ulimi hauamrishwi. Mtu aliyekua bila samaki anaweza kusikia kichefuchefu mbele ya omena, wala hilo si dhambi. Mtu ambaye hakuzoea mrenda atauona unavutika, atashindwa kuumeza. Avumiliwe. Lakini kutopenda ni jambo moja, na kudharau ni jambo jingine kabisa. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 14, juu ya Wakristu waliogombana kwa ajili ya vyakula. Hakuwaamuru wote wale sawa. Aliwakataza kudharauliana na kuhukumiana. Ndipo mpaka ulipo.

Ukisema, "Bibi yangu, hiki kinanishinda, nipe kidogo tu," umesema juu ya ulimi wako. Ukisema, "Ninyi mnakulaje vitu hivi?" umesema juu ya mama yake, na dada zake, na kijiji kizima kilichomlea. Neno "ninyi" ndilo lenye sumu. Mbele ya watoto sumu hiyo ni mara mbili, kwa sababu watoto nao ni "ninyi". Damu ya watu wale imo ndani yao.

Tena kuna aina moja ya dharau ambayo nataka tuitazame kwa makini, maana huwapata hata watu wema. Katika barua kwa Wagalatia, sura ya 2, tunasoma kwamba Petro akiwa Antiokia alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa bila shida. Lakini walipofika watu fulani wa kwao, akaogopa, akajitenga na meza ile. Paulo akamkemea mbele ya watu wote. Angalia: Petro hakubadilisha imani yake wala ladha yake. Aliwaogopa watu wa kwao tu.

Je, haya hayatokei katika nyumba zetu? Bwana anakula mukimo wa mkewe mwaka mzima, tena anaongeza. Wanapokuja ndugu zake kutoka nyumbani, anausukuma kando na kusema kwa sauti, "Huyu mama anataka kunigeuza." Wote wanacheka. Bibi naye anacheka, halafu anaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu. Au bibi anajua kabisa kwamba anaipenda mursik ya kwa mumewe, lakini mbele ya dada zake anakunja uso na kuziba pua. Ndugu msomaji, usimwache mwenzako peke yake mezani kwa kuwaogopa watu wa kwenu. Meza ndiyo mahali ambapo wageni huona kama ninyi ni kitu kimoja au ni wawili mliopanga nyumba moja.

NANI ABEBE CHUNGU?

Tuje sasa kwa upande wa pili, wa anayedai. Hapa ndipo penye uzito.

Tuseme bwana anataka watoto wake wajue chakula cha kwao. Ni nia njema. Asiyejua kwao ni kama mti usio na mizizi. Lakini katika nyumba nyingi nia hii njema hutimizwa na nani? Bwana anaagiza tu. Bibi ndiye anayepaswa kujifunza mapishi ya ukoo usio wake, katika lugha asiyoijua, huku mama mkwe akimsimamia na kumkosoa. Akitia chumvi nyingi, ameharibu mila. Akitumia gesi badala ya kuni, ameharibu mila. Baada ya miaka kumi na mitano ndipo anaposikia sifa yake ya kwanza: "Sasa unakaribia kupika kama mama." Bwana naye hajui hata njahi inachemshwa saa ngapi, wala majani ya mgagani yanachumwa vipi, wala ni kwa nini mama yake aliyalaza kwenye maziwa usiku kucha. Anaipenda mila, lakini hajawahi kuishika mkononi.

Neno langu ni hili: mila ni ya yule anayeibeba. Mwenye kutaka chakula cha kwao kiendelee kuwako katika nyumba, yeye ndiye mdaiwa wa kwanza. Akitafute. Akijue. Akieleze. Akipike, au awe wa kwanza kusimama karibu na jiko. Mwenzake anadaiwa kumkaribisha, kuonja, kuheshimu na kujifunza kwa hiari. Hadaiwi kuwa nakala ya mama mkwe. Mlipofunga ndoa hamkuapa kwamba mmoja atakuwa mlinzi wa makumbusho ya ukoo wa mwenzake. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Kuni za jikoni nazo zimo katika usawa huo.

Najua baadhi ya akina baba watasema, "Lakini kwa mila yetu mwanamume haingii jikoni." Ndugu yangu, tuseme ukweli. Mila hiyo hiyo ilimtaka mwanamume achinje, apasue, achome nyama na agawe kila fungu kwa mwenyewe. Hakuna aliyemcheka. Pwani, pilau ya arusi kwenye masufuria makubwa mara nyingi hupikwa na wanaume, na watu huwasifu. Mjini hoteli zimejaa wapishi wanaume. Basi si kwamba mkono wa mwanamume hauwezi kushika mwiko. Na hata kama huwezi kupika leo, je, huwezi kwenda sokoni mwenyewe na kuchagua? Huwezi kumpigia mama yako simu na kumwuliza, badala ya kumtuma mkeo aulize na kuaibika? Huwezi kuosha chungu?

Akina mama nao wasikilize, kwa maana kuna dhuluma nyingine isiyo na kelele. Mwenye kushika mwiko ana uwezo mkubwa. Anaweza kuufuta ukoo mzima wa mumewe mezani bila kusema neno lolote. Miaka inapita, na kila siku ni chakula cha kwao bibi, kwa sababu ndicho anachokijua na ndicho rahisi. Bwana hakulalamika, kwani alifundishwa kwamba mwanamume halalamikii chakula. Watoto wanakua. Siku wanapokwenda kwa nyanya yao mzaa baba, wanaiangalia sahani kama wageni kutoka nchi ya mbali, na mzee yule anaondoka mezani akijifanya anatafuta fimbo yake. Bibi, hukumtukana mtu. Lakini kuna mlango uliofungwa, na ufunguo ulikuwa mkononi mwako.

MILA YA KUACHWA

Je, kila mila ya chakula inastahili kubebwa? Hapana. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya, zamani wanawake hawakula kuku wala mayai. Mama alimfuga kuku, akamkamata, akampika, akampakulia mgeni, na yeye mwenyewe akabaki na mboga. Firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba, wala mtu mwingine hakuthubutu kuigusa.

Hapa tunahitaji kipimo. Mimi napendekeza hiki: mila ya chakula inayomheshimu mmoja kwa kumpa, ni njema. Mila inayomheshimu mmoja kwa kumnyima mwingine, iachwe bila majuto. Kumpa baba firigisi kwa kicheko na upendo ni jambo zuri, na watoto hulifurahia. Kumnyima mama kuku aliyemfuga ni dhuluma, hata kama imefanywa kwa miaka mia tatu. Kuku wa kuwakaribisha wageni abaki. Katazo liende. Hivyo mila haifi. Inasafishwa, kama kibuyu kinavyosafishwa kabla ya kutiwa maziwa mapya.

WATOTO NA NUSU YAO

Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliuweka mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi wa watu. Sababu ya kuanzishwa kwa mpango huo ni ya kusikitisha: vyakula vingi vilikuwa vikipotea, hasa mboga za kienyeji, kwa kuwa vijana walianza kuviona ni vya maskini na washamba. Sasa mnavu, saga, terere, kunde na mitoo vimerudi sokoni, hata katika maduka makubwa ya mijini. Wataalamu wamefanya sehemu yao.

Lakini wataalamu hawawezi kuingia nyumbani kwako. Wanaweza kuhifadhi mbegu. Kuhifadhi lile neno, "Hivi ndivyo nyanya yako alivyopenda," ni kazi ya baba na mama. Mtoto wa ndoa ya watu wa mahali pawili ana nyanya wawili na majiko mawili. Akijua jiko moja tu, anaijua nusu yake. Hiyo nusu nyingine ataisikia barabarani, pengine kwa matusi, wakati wa uchaguzi unapofika na watu wanapoanza kuitana majina ya vyakula. Mtoto aliyekula omena na githeri katika meza moja, akiwaona wazazi wake wakicheka pamoja, atasikia matusi hayo na kushangaa. Huo ni ulinzi mkubwa kuliko hotuba nyingi.

MASHAURI MACHACHE

Haya basi, tufanye nini?

1. Kila mmoja ataje vyakula vitatu tu vya kwao ambavyo hangependa vife. Msilete orodha ya ukoo mzima. Vitatu vinatosha kwa nyumba moja.

2. Mwenye chakula ndiye mwalimu, na ndiye mpishi wa kwanza. Bwana wa Siaya na atengeneze omena mwenyewe: aioshe mara kadhaa kwa maji ya moto, aikaange na nyanya na vitunguu, afungue madirisha yeye mwenyewe. Bibi ataonja anachoweza.

3. Mnapokwenda nyumbani, ingieni jikoni pamoja. Bibi asiende kama mtahiniwa, na bwana asibaki nje na wazee. Bwana, waambie wazi: "Tumekuja kujifunza sote wawili." Utakuwa umemwondolea mkeo mzigo mzito kwa sentensi moja.

4. Mtoto akizaliwa na nyanya wote wawili wakafika, mmoja na njahi na mwingine na chinsaga, msiwafanye washindane. Mama ale vyote viwili, mradi daktari hajakataza. Hakuna mtoto aliyedhurika kwa kupendwa kutoka pande mbili.

5. Mjini hamtapata kila kitu. Mursik ya katika pakiti si ile ya kibuyuni, na muthokoi wa dukani haujatwangwa na shangazi. Msimlaumu mwenzenu kwa sababu Nairobi si Kitui. Mahali hapahamishwi kwa basi.

6. Na mwisho, ruhusuni nyumba yenu iwe na chakula chake. Pengine ni githeri iliyotiwa tui la nazi kwa sababu mliishi Mombasa miaka mitatu. Pengine ni chapati za Jumapili baada ya Misa, ambazo baba husukuma vibaya na mama huzikata ziwe mviringo. Kwenu bwana haikuwako, kwenu bibi haikuwako.

Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Tunazungumza juu ya "kwetu" kana kwamba ni mahali pa nyuma tu, tulipotoka. Lakini watoto wenu nao wana "kwetu", na ni hapo mnapoishi sasa: vyumba viwili, jiko la gesi, meza yenye mguu uliofungwa waya. Miaka ishirini ijayo, wakiwa mbali, kuna harufu itakayowafanya wasimame ghafla mlangoni mwa nyumba ya mtu. Mnaipika harufu hiyo wiki hii. Iwe harufu ya chakula kilichopikwa na watu wanaoheshimiana.

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili:

Je, nimewahi kukicheka chakula cha kwenu mbele ya watu? Ilikuwa lini, nawe ulijisikiaje?

Ni chakula gani cha kwenu ambacho watoto wetu bado hawakijui?

Juma hili, ni nani kati yetu atakayekipika, na ni nani atakayekaa jikoni kumsaidia?